Kijiti cha Kiberiti

Mwalimu Leonardi alikuwa amefundisha fizikia Temeke kwa miaka thelathini na miwili, na hakuna mwanafunzi aliyepata kumsikia akisema "nadhani" mbele ya ubao. Kwa hiyo alipostaafu na kutangaza kwamba atanunua boti ya tanga, iwachukue yeye na mkewe mpaka Mikindani, pwani ya kwao, wakilala Kilwa na Lindi njiani, Anastasia alijua hesabu zimeshapigwa.

"Wenzio wakistaafu wanatafuta nyumba ndogo," alisema, akichambua mchele barazani kwao Chang'ombe. "Wewe unatafuta inayoelea."

"Hii utalala humo na wewe."

"Ndiyo maana nauliza kama haivuji."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Boti zilikuwa mbili, zote zimepandishwa nchi kavu kwenye karakana moja upande wa bahari wa Tegeta. Zilitoka kwenye kalibu moja, mwaka mmoja, 1980: futi thelathini na nne, bodi ya faiba, mlingoti mmoja, vitanda vitano. Moja iliitwa Shwari, nyingine Tumaini, na bei ilikuwa ileile. Leonardi alichora jedwali la mistari ishirini na sita, akalijaza kwa penseli Jumamosi tatu mfululizo: matanga, injini, usukani, boliti za mkuku, ule uti wa chini ya boti. Akajumlisha. Shwari, sabini na moja. Tumaini, sabini na moja.

"Sasa?" aliuliza Anastasia.

"Shwari."

"Kwa nini?"

Jibu halikuwa na mstari kwenye jedwali.

Ndani ya Shwari kulikuwa na meza ya ramani ya mninga. Aliitengeneza Mzee Valerian, baba yake, mchongaji wa Newala aliyegeuka seremala mjini, mwaka ambao Leonardi alikuwa kidato cha tatu. Tumaini ilikabidhiwa fundi mwingine. Jumamosi za mwaka ule Leonardi alimpelekea baba yake chakula, akabaki kumtazama. Boti haina kona ya mraba. Kila ubao sharti ufuate tumbo la boti yenyewe. Mzee hakutumia mchoro. Aliweka ubao, akautoa, akaukwangua, akaurudisha. Alipoona umekaa, alitoa kijiti cha kiberiti mfukoni na kukipitisha kwenye kiungo chote, taratibu, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Kijiti kikiingia mahali popote, alisema neno moja: "Rudia." Hakumwambia mtu. Alijiambia mwenyewe.

Harufu ya mninga uliokwanguliwa ilikuwa imetoweka siku nyingi, lakini Leonardi kila alipoingia Shwari alivuta pumzi kwanza.

Jumamosi ya nne alikwenda na mkewe kutoa neno la mwisho. Walimkuta Brightson, fundi aliyewakagulia boti zote mbili.

"Shikamoo Mwalimu, shikamoo mama. Leo tunaoa au bado tunachumbia?"

"Marahaba. Tunaoa," alisema Leonardi.

Walipanda ngazi, wakaingia Shwari. Anastasia alikaa kwenye meza ya ramani, akaishika pembe kama anayejaribu kochi dukani, na penseli ya mumewe ikaviringika mpaka ukingoni, ikapotea.

"Baba Clara, meza ya baba mkwe imekula penseli yako." Akapeleka mkono nyuma, pale meza inapokutana na ubavu wa boti. "Mbona hata kidole kinaingia?"

Leonardi aliinama. Kidole kidogo cha mkewe kilikuwa kimezama mpaka kiungo cha pili.

"Ishu ndogo hiyo, Mwalimu," alisema Brightson. "Mafundi wa zamani walikuwaga wanaacha nafasi, mbao zipumue."

"Wengine. Huyu hakuacha."

"Basi mbao zimesinyaa. Miaka arobaini na ushee!"

"Zingesinyaa pande zote." Leonardi alichana kipande cha karatasi, akakijaribu upande wa pili, pale meza iliposhikana na ukuta wa kati unaogawa vyumba vya boti. Hakikuingia. Akajaribu pembe zote na njia ya droo. Hakikuingia. Alisimama wima, akavua miwani. "Meza haijasogea. Kilichosogea ni boti."

"Mie nimeigonga yote, Mwalimu. Inalia vizuri."

"Fungua hizi mbao za kufunika ubavu."

Skrubu nane zilitoka. Nyuma ya mbao, mshono wa faiba ulioshika ukuta wa kati na bodi ulikuwa umepasuka, urefu wa mkono mzima. Brightson alipiga mluzi, akashuka mbio kuangalia nje. Upande ule, nguzo moja ya kuegemeza ilikuwa imezama mchangani. Kwa miaka boti nzima ilikuwa imekaa kama mzee mwenye goti bovu.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema aliporudi. "Kwa mawimbi ya Mafia hii ingejikunja kama boksi la viatu lililolowa."

Leonardi alipitisha kiganja juu ya meza, mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Si lazima uamue leo," alisema Anastasia.

"Ameshaamua."

"Nani?"

"Mzee."

Brightson, aliyetaka kufidia, alisema wanaweza kuomba kuing'oa meza wakaifunge kwenye Tumaini. Leonardi alitikisa kichwa. Meza ile ilikatwa kwa kufuata tumbo la Shwari. Kwingine kokote ingekuwa ubao tu.

Walinunua Tumaini. Meza yake ya ramani, ya playwudi, ilikuwa imevimba kama mkate kwenye chai. Leonardi aliitoa, akatafuta mninga mkavu Keko, akalitoa kabatini randa la baba yake. Wiki ya tatu aliuweka ubao mahali pake, akautazama kwa mbali, akautazama kwa karibu. Kisha akatoa kijiti cha kiberiti.

Kikazama mpaka kichwani.

"Imekaa?" aliuliza Anastasia kutoka juu kwenye ngazi.

"Rudia," alisema Leonardi, akautoa ubao.