Nashilu Jumlisha Gadiel

Jumatatu saa nne asubuhi, katika chumba alichopanga mtaa wa Sekei, Hedwiga alikuwa mezani na kompyuta yake, akimalizia programu ya zamu za maji. Kazi hiyo alipewa na kamati ya mfereji mmoja wa huko juu ya Tengeru. Daftari lao la zamu lilikuwa limeliwa na panya kuanzia herufi M, na wakulima walikuwa wameshaanza kutishiana majembe.

Lilibaki jina moja. Nashilu, mjane wa Lemomo, alikuwa na robo eka ya maharage. Kanuni ya kamati ilisema mjane haandikwi peke yake. Anaandikwa pamoja na mwanamume wa ukoo wa mumewe. Kwa Nashilu huyo alikuwa Gadiel, shemeji yake, mwenye shamba la kabichi la jirani na zamu yake mwenyewe ya Alhamisi.

Hedwiga alimpigia katibu wa kamati, mzee Yiamat.

"Shikamoo mzee. Huyu mama siwezi kumwandika peke yake? Shamba si analima mwenyewe?"

"Marahaba. Mwanangu, sisi tulikuita kwa ajili ya kompyuta. Kanuni tunazo."

Basi akatafuta njia ya mkato. Lugha ya kompyuta aliyoitumia ilikuwa na urahisi wake: alama moja ya kujumlisha ilifanya kazi mbili. Ukiipa namba, inazijumlisha. Ukiipa maneno, inayagandisha moja nyuma ya jingine bila kuuliza. Hedwiga akaandika Nashilu, akaweka alama, akaandika Gadiel. Kisha akaenda kuoga.

Siku iliyofuata alipanda mwenyewe mferejini kuona programu ikianza. Zamu ilipofika, NashiluGadiel akaja na jembe begani. Kuanzia kichwani hadi kiunoni alikuwa Nashilu, na kilemba chake na shanga zake. Kuanzia kiunoni kushuka alikuwa Gadiel, suruali ya kaki na buti za mpira. Akawaamkia wazee, akaonyesha ujumbe wa zamu uliotumwa na programu kwenye simu, wakamwachia maji. Nashilu na Gadiel wenyewe walikuwa wamesimama pembeni, kila mmoja kwenye mpaka wake, wakimsubiri.

Tatizo lilikuwa miguu. NashiluGadiel alinyoosha mkono kuelekea kwenye maharage, akasema maji yanakwenda kule. Miguu ikageuka, ikaenda kwenye kabichi. Mikono nayo, kwa kuwa haikuwa na pengine pa kuchimba, ikachimba hapohapo. Kabichi zikanywa hadi zamu ikaisha.

"Mwanangu," Nashilu alimwambia Hedwiga, "maharage yakikaa wiki mbili zaidi hivi, sivuni kitu. Nirekebishie huyu mtu."

Hedwiga aliona haya. Alikuwa amesahau kuacha nafasi kati ya majina mawili, kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akaiweka. Jumanne iliyofuata mtu yuleyule alikuja akiwa na nafasi ya shubiri moja kiunoni, na ukisimama nyuma yake ungeweza kuona kilele cha Meru katikati yake. Nusu ya juu ilifuatana na nusu ya chini bila shida. Mzee Yiamat alimshauri avae sweta refu. Miguu ikaenda kwenye kabichi.

Hedwiga akakaa kwenye ukingo wa mfereji, kompyuta mapajani. Mbili kujumlisha tatu, hata ukigeuza, jibu ni lilelile. Majina sivyo. Akageuza. Hapohapo yule mtu akawa na kichwa na mikono ya Gadiel, na miguu ya Nashilu ndani ya kandambili. Miguu ikaingia moja kwa moja kwenye maharage. Lakini mdomo ukasema, "Haya maji ni yangu," na mikono ikaziba njia kwa tope na vigogo vya migomba, maji yakarudi kwenye kabichi.

Akajaribu kulifuta kabisa jina la Gadiel. Maji yakasimama mferejini kama gari lililozimika, na kabla hajainua kidole mzee Yiamat, aliyekuwa hatua kumi kutoka pale, akampigia simu.

"Rudisha," alisema.

Akalirudisha. Alijua mstari wa kufuta ni upi, na ulikuwa kwenye kanuni zao, si kwenye programu yake.

Nashilu alikwenda nyumbani, akarudi na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akamkabidhi yule mtu aliyesimama katikati ya maharage yake. Mikono ikapokea bakuli. Mdomo ukala. Loshoro ikapita kwenye ile nafasi ya kiunoni bila kudondoka. Maji, kwa kuwa hapakuwa na wa kuyakataza, yakalisukuma lile tope, yakaingia kwenye matuta.

Baada ya mwezi mzee Yiamat alipiga simu. Kamati imeridhika sana, mwezi mzima hakuna aliyegombana. Kuna wajane wengine watano, aanze na Susana. Majina ya wanaume atatumiwa.

"Wajumlishe tu kama ulivyomfanya yule," alisema.

"Sawa, mzee," Hedwiga alisema. Kisha akampigia Nashilu.

"Shikamoo mama. Maharage yanaendeleaje?"

"Marahaba. Yametoa maua."

"Na yule?"

"Yupo, anakula."

"Bakuli moja linatosha zamu nzima?"

"Mwanzoni lilikuwa halitoshi," Nashilu alisema. "Sasa nampa na kijiko cha chai, ale polepole."