Mtumbwi Uliompita Kiboko

Mwaka 1999, vita vikiwa vimeshika upande wa kaskazini, mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya mji wa Kamina. Padri mmoja aliyerudi kwao alituachia kompyuta kuukuu, nayo nikaanza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tano kutunga michezo: picha ndogo zinazotembea juu ya kioo chake, mraba kwa mraba. Wengi wao walikuwa hawajagusa hata taipureta.

Mchezo wa kwanza waliuchagua wenyewe. Mtumbwi unapita mto Lualaba, kiboko anaujia, mchezaji aukwepeshe. Amida, binti wa muuza vitenge, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Dany, mtoto wa Sajini Bolingo wa kambi ya jeshi, alichora kiboko mpaka meno.

Lakini mchezo ulikuwa na ugonjwa. Mara mtumbwi ukigongana na kiboko ulizama, kama tulivyotaka. Mara ulimpita katikati kama moshi. Tulisoma maagizo mstari kwa mstari, kosa hatukuliona.

Siku tuliyowaalika wazazi waje kuuona mchezo, jeshi lilikuwa limechukua mazutu, dizeli yote ya mji. Jenereta ya shule kimya, kompyuta haiwaki, wazazi wamejaa uwanjani. Mkuu wa shule, Préfet wetu, akaninong'oneza, "Madame, tubarudishe kwabo?"

Amida alimsikia. "Hapana, Préfet. Siye benyewe tutakuwa mashini."

Wanafunzi wakachora miraba chini kwa chokaa, mstari mmoja, wakaiandika namba. Dany akawa mtumbwi, Amida kiboko, na mwenzao Naomie akashika karatasi ya maagizo.

"Mtumbwi, mbele!" alisoma. "Kiboko, mbele! Muko mu mraba moja? Hapana. Tuendelee."

Wakakaribiana hivyo hivyo, Dany akafika mraba wa tano, Amida wa sita.

"Mtumbwi, mbele!"

Dany akaingia mraba wa sita, akamgonga Amida bega kwa bega, nusura amwangushe. Uwanja mzima ulicheka. "Mutoto wangu amekufa!" alipiga kelele Sajini Bolingo.

Naomie hakuinua macho. "Kiboko, mbele!" Amida akapita kwenda mraba wa tano. "Muko mu mraba moja? Hapana. Tuendelee."

Amida hakuendelea. Alitazama miguu yake, akatazama ya Dany.

"Madame! Kosa njo pale! Tunauliza bote bakiisha kutembea. Tumeshagongana, tumeshapishana, njo mashini inauliza!"

"Sasa tufanye nini?" Nilimwuliza kwa sauti ya mwalimu anayejua, ingawa jibu lilinijia baada yake.

"Tuulize mara mbili. Mtumbwi akitembea, tuulize. Kiboko akitembea, tuulize tena."

Wakarudi mwanzo. Safari hii Dany alipoingia mraba wa sita, Naomie aliuliza pale pale, na darasa zima likajibu, "Ndiyo!" Dany akajitupa vumbini kama maiti. Mama yake Amida alipiga vigelegele, na wanawake wa soko wakamfuata.

Kisha Sajini Bolingo akaingia katika miraba na mabuti yake. "Ku kambi miye njo natoa amri," alimwambia Naomie. "Leo weye utoe, miye nitii."

"Mtumbwi, mbele!" Naomie akaamuru, bila kutabasamu. Na sajini akatii, mraba kwa mraba, mpaka akazama.

Mazutu yalipopatikana, wiki kadhaa baadaye, kikosi cha sajini kilikuwa kimeondoka kwenda vitani. Amida aliongeza swali lile la pili, mstari mmoja tu. Tulicheza asubuhi nzima. Mtumbwi haukumpita kiboko tena hata mara moja. Dany alimwandikia baba yake habari hiyo, na barua ikaenda na gari la jeshi.

Mwaka uliofuata nilimpa Amida chaki awafundishe wadogo zake wa mwaka wa nne. Nilikaa dawati la nyuma. Kijana mmoja aligeuka, akaniuliza kwa nini mpira wa mchezo wake unatoka nje ya kioo.

"Uliza mwalimu," nilimwambia, nikamwonyesha Amida kule mbele.