Wakati Vanishi Inakauka

Mama Lusungu alileta vitabu viwili kwenye karakana yetu ya Keko, kimoja kirefu na kimoja kifupi, akaviweka juu ya benchi. Alitaka kabati la vitabu la mninga lenye rafu tano, na hivyo viwili vilikuwa vya kutuongoza katika vipimo: kirefu kisigonge juu, kifupi kisionekane kimezama.

"Siku ya kuchukua kabati nachukua na vitabu," alisema. "Msinipotezee."

Cyprian, seremala mwenye karakana, alivipima kwa futi kamba, akaandika namba kwenye kipande cha mbao, akavisahau. Mimi ni mtu wa msasa na vanishi. Kazi hunifikia ikiwa imeshasimama, nami naimalizia.

Vanishi ina tabia yake. Ukishapaka mkono mmoja, yaani tabaka moja, unasubiri ukauke, unapitisha msasa laini, ndipo unapaka mkono mwingine. Kwa jua la kawaida ni kama dakika arobaini, na dakika hizo huwezi kuondoka. Vumbi la barabarani linakuja, kuku wa jirani wanakuja, na zaidi ya yote wanakuja watu, maana mpita njia akiona kitu kinang'aa lazima akiguse ajue kama kimekauka. Kwa hiyo mpakaji anakaa kwenye stuli na kulinda. Simu huwezi kuishika kwa sababu vidole vinanata. Kwa miaka kumi na saba nililinda hivyo, macho yakiwa barabarani.

Sikuwa mtu wa kusoma. Nilisoma maandishi ya kwenye kopo la vanishi, ujumbe wa simu, na majina ya maduka. Darasa la nne nilikuwa nasoma kwa kufuata mstari na kidole. Mwalimu akanikataza, akisema kidole ni cha watoto wadogo. Nikiondoa kidole, mistari ilichanganyika. Siku moja, mbele ya wenzangu, nilisoma mstari mmoja mara mbili bila kujua, wakacheka mpaka kengele ikalia. Simlaumu mwalimu. Tulikuwa tisini darasani. Ila baada ya hapo, nikiona kitabu, nilikiona kama kitu cha watu wengine.

Kile kifupi kilikuwa hakina jalada. Siku niliyopaka kabati mkono wa kwanza, upepo ulikifungua pale kwenye benchi karibu na stuli yangu, na macho yangu yakaangukia mahali palipoandikwa hivi: *Kifurushi kilikuwa kimeandikwa jina la Noela, na pale stesheni hakukuwa na mtu aliyewahi kuitwa Noela.*

Nikaangalia barabara. Nikarudi kuangalia kitabu. Sasa huyo Noela ni nani, na kifurushi kimefikaje?

Vidole vyangu vilikuwa vya kahawia kwa vanishi. Nikaokota kijiti cha mninga chini, kirefu kama penseli, nikageuza nacho mpaka ukurasa wa kwanza. Kilifanya kazi vizuri. Halafu nikagundua kwamba kinaweza pia kufuata mstari, na kijiti si kidole. Mkono wa kwanza ulipokauka nilikuwa nimesoma kurasa nne.

Kesho yake nilikipiga kijiti msasa mpaka kikawa laini, kisije kikachana karatasi. Nikajiwekea utaratibu: nasoma vanishi inapokauka tu. Ikikauka, nafunga. Mkono mmoja, kurasa nne, wakati mwingine tano. Nilipopaka kitanda cha mteja mwingine nilisoma, nilipopaka meza nilisoma. Kwa kila mkono nilichora mstari wa penseli kwenye mguu wa benchi, nione ninavyokwenda.

Chini ya kurasa za mwanzo kulikuwa na alama ndogo za vema, na tarehe pembeni. Nyingine zilipishana siku tatu, nyingine mwezi mzima. Ukurasa wa sitini na moja alama ziliisha. Sikujua ni za nini. Nilidhani ni mambo ya wasomi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja, mkuu wa stesheni ndogo ya treni katikati ya pori. Siku moja treni inashusha kifurushi cha Noela. Hakuna wa kukipokea, na jina la aliyekituma limefutwa na mvua. Bwana yule anakiweka kwenye rafu na kukifuta vumbi kila asubuhi. Treni ikisimama anauliza abiria, dirisha kwa dirisha, kama kuna anayemjua Noela. Miaka inapita. Mke wake anamwambia, fungua basi tuone. Anakataa, anasema si chake.

Cyprian alianza kwa kunicheka. "We Apolinari, umekuwa profesa? Au unatafuta vipimo humo ndani?"

"Nalinda vanishi."

"Unailinda na maandishi!" Akacheka, akaendelea kupiga randa. Baada ya kama nusu saa akauliza bila kuinua kichwa, "Kinahusu nini?"

Nikamweleza kwa kifupi. Kuanzia siku hiyo, kila nilipofunga kitabu aliuliza neno moja.

"Kafungua?"

"Bado."

"Jamaa mgumu huyo. Mie ningekuwa nimeshafungua zamani, navaa vilivyomo."

Kabati la mninga linatoshwa na mikono mitatu. Nilipomaliza wa tatu nilikuwa ukurasa wa mia na kumi na moja, na kitabu kilikuwa na kurasa mia na arobaini. Mama Lusungu angekuja siku yoyote. Nikamwambia Cyprian kwamba ubavu wa kushoto haujakaa sawa, nipake mkono wa nne. Akaangalia ubavu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye randa yake. Ijumaa jioni Mama Lusungu alipiga simu, nikamwambia bado kidogo mama, haijakauka. Ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Jumamosi asubuhi nikapaka mkono wa tano.

"Unapaka kabati au unalizika?" Cyprian aliuliza.

Nilikuwa nimefika pabaya. Barua imekuja kwamba stesheni inafungwa. Bwana stesheni ana siku moja kuondoka na kila kitu. Usiku huo anakiweka kifurushi mezani, anavuta taa karibu, anachukua kisu. Hapo ukurasa ukaisha. Nikanyoosha mkono kuchukua kijiti, hakipo. Kilikuwa kimedondoka na kubingirika chini ya kabati lililolowa. Sikuweza kungoja. Nikageuza ukurasa kwa dole gumba.

Palepale Cyprian akaita. "Njoo unishikie kitanda hiki, kinaniangukia!"

Nikafunga kitabu, nikakimbia. Tulihangaika na kitanda kile karibu nusu saa. Niliporudi, ukurasa wa mia na ishirini na ule unaotazamana nao zilikuwa zimeshikana katikati, pale pale dole langu lilipokaa. Nilivuta kidogo. Karatasi ikalia. Nikaacha.

Ninachojua kuhusu vanishi ni kwamba inayeyuka kwa thina. Lakini sikujua thina inafanya nini kwa wino. Nikachovya pamba, nikagusa namba ya ukurasa wa mwisho kabisa. Ile mia na arobaini ikapauka, halafu ikafutika. Nikaiweka pamba chini. Nilikuwa nimeharibu kitabu cha mtu, na ndani yake bwana yule alikuwa ameshika kisu.

Mama Lusungu alifika saa nane mchana na kirikuu cha kubebea kabati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo mafundi?" Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, karani kwenye ofisi moja mjini, na alikuwa na tabia ya kuzungukia kitu mara mbili kabla ya kusema. Alilizungukia kabati. "Hee! Mbona linang'aa hivi? Naona mpaka meno yangu."

Cyprian akaanza kutafuta misumari ambayo haikupotea.

"Mama," nikasema, "mikono miwili ya mwisho haikuhitajika. Na jana nilikudanganya kwenye simu. Lilikuwa limekauka."

"Sasa ulikuwa unapaka ya nini?"

Nikamletea kitabu. Nikamwonyesha kilipoganda, nikamwonyesha na namba iliyofutika. Nikamweleza kwamba nilitaka kukimaliza kabla hajakichukua, na kwamba niko tayari kutafuta kingine kama hicho nikilipe. Alikishika, akakinusa, akakunja uso kwa harufu ya thina.

"Ulifika ukurasa wa ngapi?"

"Wa mia na ishirini."

"Ulianzia mwanzo?"

"Mwanzo kabisa."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili, mama. Nasoma wakati vanishi inakauka."

Akavuta stuli moja isiyopigwa msasa, akaikalia. "Wiki mbili," akasema. "Mie nina mwaka wa pili na hicho kitabu. Niko sitini na moja."

Mimi na Cyprian tukaangaliana.

"Hizo vema ni zako?" nikauliza.

"Za nani tena? Vitabu si vyangu hivyo. Ni vya kaka yangu, Fredrick. Alipostaafu akarudi kwetu Tukuyu, akaniachia maboksi manne pale Gongo la Mboto. Kaniambia nivisome. Kila akipiga simu, salamu moja, halafu, umefika wapi? Namwambia naendelea, kaka, naendelea. Siku nyingine nasoma mstari mmoja niweke vema, nisiseme uongo." Akacheka peke yake. "Mlipotaka kitabu cha kupimia nikakichagua hicho makusudi, kikae huku nipumue."

"Kumbe!" alisema Cyprian. "Na sie tukadhani umesoma vyote."

"Anayenunua kabati si lazima awe amesoma, baba. Wewe umelalia vitanda vyote unavyotengeneza?"

Cyprian akainamia misumari yake tena. Mama Lusungu akanigeukia. "Ehe. Noela alipatikana?"

Nikamsimulia. Nilisimama pale karibu na kabati na kuanza ukurasa wa sitini na moja, yule kipofu anaposhuka kwenye treni na kudai amemsikia mtu anaitwa Noela kwenye stesheni ya mbali. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya watu na kueleza kitu kirefu. Nilitegemea nitachanganya. Nilipoiruka siku mkuu wa stesheni alipougua, Cyprian akanirudisha. "Umeacha ya homa. Mke anataka kufungua, yeye anakilalia." Nilikuwa sijui kwamba alikuwa anakumbuka. Dereva wa kirikuu akazima injini akashuka.

Nilifika mezani, kwenye taa na kisu.

"Akafungua?" aliuliza Mama Lusungu.

"Hapo ndipo paliponata."

"Aa!" Dereva ndiye aliyesema.

Mama Lusungu akanyoosha mkono, akajaribu kupenyeza ukucha katikati ya zile karatasi. Nikamzuia.

"Usivute, mama. Ndani bado ni mbichi, karatasi itachanika pamoja na maneno. Kama ingeachwa ikauke kabisa, siku mbili hivi, inakuwa ngumu na inaweza kubanduka kwa wembe. Sina uhakika. Sijawahi kubandua karatasi."

Akafikiri. Kisha akanirudishia kitabu mkononi.

"Lipakieni kabati. Hiki kibaki. Ukikibandua, usinipigie simu kunieleza, nakitaka mwenyewe. Nitaanzia hapo ulipoishia. Ukimaliza kilete nyumbani, utachagua kingine, yapo maboksi manne. Ila uje umenawa mikono." Alipokuwa anapanda kirikuu akageuka. "Na Fredrick akipiga leo, namwambia niko mia na ishirini. Si uongo sana, au siyo?"

Jumapili sikukigusa. Nilimwomba mke wangu akiweke juu ya kabati la vyombo, mahali pasipofikika kirahisi, akaniuliza kama ni cha dini.

Jumatatu nilifika karakana mapema nikiwa na wembe mpya. Nilikunja kitambaa chini ya kitabu, nikalaza wembe bapa, nikausukuma kidogo kidogo kutoka pembeni, kama unavyotoa vanishi iliyotiririka bila kuumiza mbao. Cyprian alisimama nyuma yangu hapumui. Karatasi ilibanduka. Maneno matatu yalibaki upande wa pili, yamegeuka kinyume, na katikati ya kila ukurasa kulikuwa na alama ya dole langu, kahawia, mistari yake yote ikionekana.

"Soma kwa sauti," alisema Cyprian.

"Mie?"

"Mie miwani yangu iko nyumbani."

Cyprian hana miwani. Nikachukua kijiti nikasoma, taratibu. Bwana stesheni aliingiza kisu chini ya kamba. Kabla ya kukata akavuta taa karibu zaidi ili asikate kilichomo ndani, na kwa mara ya kwanza akaliangalia fundo. Lilikuwa limezungushwa kwa kushoto, mara mbili, na ncha ikarudishwa ndani. Alikuwa amewahi kuona mtu mmoja tu anafunga hivyo. Miaka yote alikuwa akiuliza nani wa kukipokea, hakuwahi kuuliza nani aliyekifunga. Akaweka kisu chini. Akavaa koti.

Nikaweka kijiti chini. Nilikuwa na hasira kidogo. Wiki mbili na mikono mitano ya vanishi, na kifurushi bado kimefungwa.

"Fundo!" alisema Cyprian. "Kweli bwana. Mie nikiona kiungo cha mbao nakwambia nani kakata. Kila mtu na mkono wake." Akasogeza benchi karibu. "Sasa anakwenda wapi? Mtu mwenyewe nani? Endelea basi."

Nikatazama karakana. Kulikuwa na viti sita ambavyo havijapigwa msasa, na makopo yalikuwa yamefunikwa. Hakuna kitu chochote kilichokuwa kinakauka.

Nikavuta stuli, nikakaa, nikageuza ukurasa.