Bonde la Madigadi ya Kushoto

Mguu wa mzee ulikuwa umeanza kunuka, na daktari alishasema wazi: usipokatwa kabla ya Ijumaa, sumu itapanda na mwenye mguu atazikwa nao. Tabu ni kwamba mzee aligoma kupanda gari. Akili yake ilikuwa imehama, ikabakiza vitu vichache tu, na kimojawapo kilikuwa Kobe, kigari chake cha ujanani kilichokwenda zamani kuwa vyuma chakavu. Kila gari lililoletwa alilikataa, eti hapandi gari la watu. Shemeji yake alipojaribu kumbeba aling'atwa mkono. Meno ya mzee hayakuhama.

Mkewe hakulia. Binti yao alikuwa na kigari kipya cheupe, kile ambacho kiwanda kimekivalisha sura ya kale: taa za mviringo kama macho yaliyoshtuka, mgongo wa duara, bampa ya kung'aa. Ndani kompyuta tupu, nje bibi kizee aliyejipodoa. Mama akakipeleka kwa fundi rangi pamoja na picha iliyofifia ya Kobe. Juu krimu, akamwambia, chini kijani, katikati mstari mwembamba wa fedha kama mkanda wa kiunoni.

"Na bonde kwenye madigadi ya kushoto," akaongeza.

Bonde hilo alilitia mwenyewe wiki ya kwanza ya ndoa, alipokuwa akifundishwa kuendesha akaibusu nguzo ya geti. Mume alicheka hadi akakaa chini, na miaka yote hakukubali linyooshwe.

Fundi aliitikia, kumbe maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kwani fundi gani atatia bonde kwenye kazi yake? Alhamisi mchana gari likaja limelainika kama yai.

Mzee akatolewa nje kwa magongo. Uso ukamfunguka. Akapapasa taa, akaufuata mstari wa fedha kwa kidole, akashuka hadi kwenye madigadi. Mkono ukasimama.

"Huyu si Kobe," akasema. "Gari la watu hili mmeliiba wapi?"

Akageuka arudi ndani. Mama akamtangulia, akaingia jikoni, akatoka na mchi. Binti akasema rangi haijakauka hata siku mbili, kisha akafumba macho. Mama akapiga mara moja.

"Hebu papasa tena, baba," akamwambia mumewe.

Kidole kikazama bondeni. Mzee akacheka cheko ambalo mama hakulisikia mwaka mzima.

"Kazi ya mke wangu hii. Anaendesha kama anatwanga."

Akapanda nyuma mwenyewe. Mama alipotaka kukaa ubavuni mwake, mzee akaweka kiganja juu ya kiti.

"Samahani, mama. Hapa pana mwenyewe."

Mama akakaa mbele na binti. Njia nzima alimwona kwenye kioo, akikipangusa vumbi kile kiti kitupu.

Hospitalini nesi alileta karatasi ya kuruhusu mguu ukatwe, akampa mama kalamu. Mzee akazuia kwa adabu zote. Huyu mama wa watu, akasema, ameshasaidia vya kutosha. Wa kuamua ni mkewe. Nesi akamtazama mama. Mama akaiegemeza karatasi ukutani, akatia sahihi amewapa mgongo.

"Msubirini kidogo," mzee akasema huku kitanda kikisukumwa. "Yuko nje anaegesha. Na ataligonga tena, mtaona."