Mpe Mji

Sambusa mia mbili, na zote ziwe na pembe kali, ndivyo alivyotaka madam. Rael alikuwa amefika ya mia na arobaini, unga hadi viwikoni, siku ya Ijumaa ambayo kwa mkataba ilikuwa ya mapumziko yake. Mkataba wenyewe ulikwisha Aprili. Sasa ilikuwa Novemba 2013, na Rael bado yuko Muaither, huku kwa Waarabu, jikoni kwa akina Oloo.

"Usisahau za mboga," madam Jebet alisema akiwa mlangoni, kitenge kipya, hereni mpaka mabegani. "Mgeni wa heshima hali nyama."

"Sawa, madam. Na yale maneno yangu?"

"Maneno gani tena?"

"Ya kwenda nyumbani. Ulisema kitabu kikishatoka."

Jebet akacheka. "Rael jamani, leo tunazindua, usiniletee mambo! Hiki ni cha kwanza. Wachapishaji wanataka kingine Machi. Nipe hadithi tatu tu, halafu mzee atasaini kharuji uende zako. Si unazo kichwani? Zinakuuma nini?"

Wueh! Kuna watu wana macho makavu. Kharuji ndiyo ruhusa ya kutoka nchini, na bila saini ya mwajiri, uwanja wa ndege utaufika kusindikiza wenzako tu. Mwajiri kwenye karatasi alikuwa Herbert Oloo, mhandisi, mtu mpole anayesaini chochote mkewe alichomwekea mbele. Pasipoti ya Rael nayo ililala kwenye droo ya kitanda chao tangu siku aliyoshuka ndege. Isipotee, walimwambia. Kwao Webuye anaitwa Mama Dedan. Hapa Jebet, mdogo wake kwa miaka mitano, anamwita Rael kama anavyomwita paka.

Na hicho kitabu kilitoka wapi? Kilitoka chumba cha pasi. Jioni, Rael akipiga pasi, Chelsea, binti wa nyumba, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa akikaa juu ya kapu la nguo na kusema, "Aki Rael, nipe moja." Rael akampa ile ambayo kila Mkenya amelelewa nayo: msichana anawakataa wachumba wote, anaolewa na kijana mtanashati, kumbe ni zimwi, hadi kaka zake waje kumtoa. Ila Rael aliigeuza. Kwake kaka hawaji. Zimwi limeficha kitu cha msichana, na haliwezi kukirudisha mpaka litegwe kitendawili lisichokiweza. Msichana anatega, zimwi linashindwa, anachukua mji na kitu chake, na akitoka anafunga mlango kwa nje, zimwi libaki na njaa yake. Jibu la kitendawili Rael alimnong'oneza Chelsea sikioni, kwa mzaha tu.

Ndiyo maana simu ya Jebet, iliyokuwa ikirekodi nyuma ya mlango, haikulisikia.

Juma lililopita maboksi yalifika kutoka Nairobi. Rael akifuta vumbi akachomoa nakala moja. *Moyo Wangu kwa Zimwi*, hadithi ya kale kwa vijana wa leo, imeandikwa na Jebet Oloo. Aliisoma amesimama. Ukurasa wa mia na kumi na mbili kitendawili kipo, neno kwa neno. Jibu: moyo. Ati moyo wa zimwi lililompenda! Msichana akarudi kwa hiari yake, wakafunga ndoa tena, wakazaa.

Kuibiwa hadithi angemeza, alishazoea kuibiwa Ijumaa zake. Lakini kumrudisha yule msichana kwa zimwi, tena anachekelea! Rael alikirudisha kitabu kwenye boksi, na tangu siku hiyo hakulala vizuri kwa hasira.

Ukumbi wa uzinduzi, Ijumaa ile jioni, ulikuwa Al Rayyan. Walikuja Wakenya kama sitini: wauguzi, watu wa ofisi, na walinzi na madereva waliobahatika kuwa ofu. Bwana Jeremiah, mwenyekiti wa chama chao, ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Jebet alisoma ukurasa ule ule, akapigiwa makofi.

"Kuna mwenye swali?" akauliza.

"Niko nalo," Rael akasema, sinia mkononi.

Watu wakacheka kidogo. "Huyu ni Rael wetu," Jebet akasema. "Haya, uliza."

"Kitendawili!"

"Tega!" Ukumbi mzima. Mkenya hasikii neno hilo akanyamaza.

"Kina uso wangu, kina jina langu, kinalala kwa mwenzangu."

"Hicho si kiko kitabuni? Moyo!" Jebet akasema.

"Si moyo."

"Kivuli!" "Picha!" "Mtoto!" Walijaribu mpaka wakachoka. Chelsea alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mmeshindwa. Nataka mji, na nautaka kwa mwenye kitabu."

"Mpe mji! Mpe mji!" Walinzi wakapiga miguu sakafuni.

"Haya, chukua Mombasa," Jebet akasema.

"Joto la hapa limenitosha."

"Chukua Nakuru."

"Nakuru sina mtu."

"Kumbe unachagua! Unataka upi?"

"Nairobi. Pale ndege inapotua."

"Chukua Nairobi, ushibe!"

"Nimeichukua, na wote mmesikia." Rael akaweka sinia chini. "Nilienda Nairobi, sikufika. Sikufika kwa sababu jibu ni pasipoti. Yangu iko droo ya kitanda cha madam, chini ya chaji za zamani. Mkataba uliisha Aprili. Naambiwa nitoe kwanza hadithi tatu, kama hii aliyowasomea, niliyomsimulia Chelsea nikipiga pasi."

"Chelsea!" Jebet akamgeukia binti yake. "Waambie."

"Ni kweli, mum," Chelsea akasema. "Jibu aliniambia sikioni."

Wauguzi kadhaa walitazama viatu vyao; nyumbani nao walikuwa na msichana wa kazi, na droo. Kule nyuma walinzi, ambao pasipoti zao zilikuwa kwa kampuni, waliacha kutafuna.

Bwana Jeremiah akakohoa. "Bwana Oloo, mji umetolewa mbele ya watu. Na Muaither si mbali. Nenda tu, chai bado ipo."

Herbert akaenda bila kumtazama mkewe. Dakika ishirini na tano baadaye alirudi na bahasha. Rael akafungua, akaona ndani ya pasipoti sura yake ya zamani, mashavu yamejaa, akaitia kifuani.

Jebet akaja kando yake, tabasamu la kamera bado limemganda. "Umefurahi?" akanong'ona. "Hiyo bila kharuji ni karatasi tu. Na kharuji anasaini mume wangu. Utanirudia, Rael. Utanisimulia mpaka ukauke."

Ilikuwa kweli, na Rael alijua ni kweli; mji wa pili ungekuwa saini hiyo. Akajipangusa mikono kwenye aproni, polepole, akainua sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi ukajibu, midomo imejaa sambusa.

Rael akamgeukia Jebet.

"Sijamsikia mwenye kitabu."

Watu sitini wakageuka. Simu zikainuliwa. Jebet akatazama mlango, akamtazama mumewe, na mumewe akatazama chai.

"Tega," akasema.