Pua Haionji Chumvi

Kesho yake ilikuwa Pasaka, na katika mkahawa wa Etagegn pale Bahir Dar jiko zima lilikuwa limefunga saumu. Siku hamsini na tano bila nyama wala siagi mdomoni. Kupika ruhusa, kuonja hapana, kwa hiyo mchuzi wa kuku wa kufungulia walikuwa wakiupika kwa pua. Pua ya Etagegn ilisifika mji mzima, na miaka ishirini haikuwahi kumwangusha.

Asiyefunga alikuwa mmoja tu: Lensa, mlokole kutoka Nekemte, mwenye wiki mbili kazini. Mchana ule alipoachiwa mwiko akoroge, akaonja kidogo. Mama wee, chumvi tupu!

Anyamaze? Wageni hamsini waliuagiza, watu wenye hamu ya karibu miezi miwili. Aseme? Kule alikotoka alimwambia mpishi mkuu mbele ya wateja kwamba nyama imeungua, na jioni hiyohiyo akafungashiwa virago. Na kazi hii aliipenda, jamani, aliipenda hasa.

Ila mtama haumwagwi penye kuku wengi. Etagegn alipoingia stoo, Lensa akamfuata na kurudishia mlango.

"Mama, nimeonja mchuzi. Chumvi imezidi."

Etagegn alimpandisha na kumshusha. "Wiki mbili tu, ushakuwa mkaguzi? Mimi naanza kupika wewe hujazaliwa."

"Ni kweli, mama. Na harufu yake sijaikuta popote. Lakini hii pilipili ya unga iliyoletwa jana, nimeilamba; muuzaji kaitia chumvi tayari. Nawe ukatia yako kama siku zote."

Pilipili haina nyama wala siagi. Etagegn alichovya kidole kwenye gunia la pilipili lililo mbele yake, akalamba, akalamba tena. Mara yule mama akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya vitunguu.

"Kumbe pua haionji chumvi. Haya, dawa yake?"

"Tukaange vitunguu vingine bila chumvi, tuchanganye. Ni saa nane tu, tutawahi."

Walipotoka, Etagegn aliwapigia makofi wapishi wake wote wamsikilize. "Nimeharibu mchuzi. Lensa kaniambia, tena kanisitiri. Menyeni vitunguu."

"Ingekuwa mimi nimeharibu," mmoja akasema, "mpaka mji wa Gondar wangeshasikia ninavyofokewa."

Wakacheka huku macho yakiwatoka machozi ya vitunguu. Saa kumi na mbili Lensa akaonja tena, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa utamu. Jiko zima likapiga vigelegele.

Etagegn akamvuta pembeni. "Sasa sikia yako. Vitunguu unavikata kama kuni, na moto unauharakisha. Nilikuwa nimekuachia tu, nikakuona wa kupita. Kesho kutwa uje mapema nikufundishe."

"Ndiyo, mama," Lensa akajibu, na furaha ikamjaa mpaka akashindwa kuficha meno.