Kabla ya Amina

Kila Jumatano saa tisa alasiri kina mama walifagia kanisa, wakanyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, wakaketi. Kisha mzee wa kanisa alisimama na karatasi ya majina ya wanajeshi. Waumini walimwita Mzee Dakika, kwa kuwa hata akitafuna aliitazama saa yake ya mkononi. Kila jina aliposoma, mwenye jina alitokea kutoka vitani na kuketi kando ya mama yake, matope hadi magotini. Bunduki waliziegemeza mlangoni, pamoja na miavuli.

Jambo hili lilianza mwezi wa tatu wa vita. Jumatano ya kwanza kina mama walilia. Jumatano ya pili walikuja na mabeseni, sabuni na wembe wa kucha.

Wanajeshi walikaa muda wote wa maombi. Amina ikishatamkwa, wamekwenda, benchi limebaki na unyevu. Hata kuku angejua la kufanya hapo. Mzee Dakika hakujua. Aliombea amani, akaombea mizinga ilenge vizuri, akaombea magari ya jeshi yasikwame, akatazama saa, akasema Amina. Saa kumi kamili kanisa lilitakiwa na kamati ya sare za kwaya.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na kitinda mimba wake kwenye karatasi ile. Shati la kijana halikuwa na vifungo kifuani, na baridi ya mahandaki ilikuwa imemwingia. Alikohoa kama debe linaloburutwa. Mama yake alikuja na sindano na vifungo vitano, na kwa Jumatano tatu hakupata kumaliza hata kimoja.

"Mama, harakisha. Ameshafika kwenye magari."

"Tulia, nitakuchoma."

"Nimeshazoea kuchomwa."

Fundi alimwendea Mzee Dakika, akamwomba kwa adabu arefushe maombi kidogo. Mzee alimweleza kwamba Mungu hahitaji maneno mengi. Fundi akasema anajua, na wala hakuwa akiyaomba kwa ajili ya Mungu. Mzee akatazama saa.

Jumatano ya nne Mzee Dakika aliumwa jino, na mchungaji akamwambia fundi aongoze. Fundi alisoma majina yote, akamwita mwanawe aje kusimama mbele yake, akaanza kushona huku akiomba. Alipofika kwenye amani alimkumbuka dada yake, aliyeolewa ng'ambo ya mto, upande wa adui, naye ana wavulana wawili. Akaongeza, "Na wale wa upande wa pili, Baba. Majina yao unayo."

Nao wakaja. Mabenchi hayakutosha, wengine wakaketi kwenye ngazi za madhabahu. Bunduki zao ziliwekwa pamoja na zile nyingine. Mama muuza mkaa aliwapitishia maji, akawagombeza wasikanyage palipofagiliwa. Mmoja wao alimsikiliza kijana wa fundi akikohoa, akageuka.

"Kumbe ni wewe. Tunakusikia kutoka handaki letu."

"Nami nawasikia mnavyonicheka."

"Hatucheki. Tumechoka tu. Kunywa maji ya moto, bwana."

Fundi hakuacha kuomba. Aliombea mvua, magoti ya majirani, mbuzi, wajukuu ambao hawajazaliwa. Kifungo cha kwanza kikakaa. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Redio ya mchungaji ilitangaza kwamba mapigano yamesimama pande zote na wakuu wa majeshi wanachunguza sababu. Nje, kamati ya sare ilinung'unika. Saa kumi na mbili kasoro Mzee Dakika alifika kuhudhuria kikao chake, jino limemchelewesha, shavu limevimba, akasimama mlangoni. Fundi alikuwa kwenye kifungo cha pili, akishona taratibu makusudi. Akanyamaza ameze mate.

"Amina," akasema Mzee Dakika.

Kanisa likabaki na wanawake na mabeseni. Mkono wa fundi ulikuwa hewani, mtupu.

"Mzee, nani amekuambia uitikie?"

"Ulinyamaza."

"Nilimeza mate."

"Miaka arobaini, mama, mtu akinyamaza mimi naitikia," akasema, akaifungulia kamati mlango.

Siku ya pili alikuja kapteni na barua. Wanajeshi walikosekana kazini kwa karibu saa tatu nzima, na wengine walirudi na bunduki za adui. Tangu sasa maombi ya jeshi yasizidi dakika kumi, yataje majina ya upande mmoja tu, na amani iombewe mwishoni endapo muda utabaki. Mchungaji alisaini. Mzee Dakika alisema ndivyo alivyoshauri siku zote. Kapteni alipofika mlangoni alirudi, akauliza kwa sauti ya chini kama jina lake linaweza kuongezwa kwenye karatasi. Mama yake alikuwa kwenye kwaya.

Jumatano iliyofuata kijana alitokea mahali pake. Sindano ilikuwa bado inaning'inia kwenye kifungo cha pili, uzi umekuwa mweusi kwa matope.

"Siku zote hizi umetembea na sindano kifuani? Kwa nini hukuichomoa?"

"Ulikuwa hujamaliza."

Fundi aliishika palepale ilipokuwa, akavuta uzi. Mzee Dakika alikuwa ameshafika kwenye mizinga.